Binti Mwanagenzi na Shahada Isiyo na Riba

Lugha yetu ina neno ambalo vijana wa leo hawalitumii sana, nalo ni mwanagenzi. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya chini ya fundi: hubeba msumeno kabla ya kuruhusiwa kukata ubao, hukoroga chokaa kabla ya kukabidhiwa mwiko. Kule Matondoni, Lamu, majahazi yamejengwa kwa njia hiyo tangu jadi, wala hatujamsikia fundi aliyejifunza jahazi kitabuni. Milango ya nakshi ilichongwa hivyo, na kofia za vito zilishonwa hivyo. Nasi tuliolelewa katika madrasa twajua kwamba elimu ya dini yenyewe ilipita njia hii hii. Mwanafunzi humsomea shekhe wake kitabu, ibara baada ya ibara, shekhe akimkosoa pale pale, mpaka aridhike naye na kumpa ijaza ya kusomesha.

Ilikuwaje basi neno hili likashuka daraja, hata mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ni mwanagenzi hufikiri kwamba kijana ameshindwa na masomo, sasa yuko gereji anafungua boliti?

Swali hilo lilitujia tulipozungumza na binti mmoja aliyezaliwa hapa Mombasa, Mji wa Kale, akasoma juzuu za mwanzo mbele yetu kabla ya wazazi wake kuhamia Uingereza. Alipoondoka alikuwa na umri wa miaka 10. Sasa amefikia 21. Tangu Septemba 2022 ni mwanagenzi katika kampuni kubwa ya kompyuta, magharibi ya London, katika bonde la mto Thames ambako kampuni za namna hiyo zimejipanga kama maduka ya nguo yalivyojipanga Biashara Street. Jina lake hatulitaji, wala la kampuni, kwa ombi lake na la mamake. Alipokuja likizo tulikaa naye, mamake akiwapo, tukamuuliza yale ambayo wazazi wengi wangependa kuyauliza.

Babake hakuitaka njia hiyo. Alitaka binti aende chuo kikuu kama watoto wa jamaa zake, na alipoambiwa kwamba atakuwa akifanya kazi siku nne na kusoma siku moja, alijibu kwa neno ambalo mama alitusimulia huku akicheka: "Nimevuka bahari nije nimtie mtoto uanagenzi?" Msomaji asimlaumu. Kwetu sisi watu wa pwani neno chuo lina uzito wa aina yake, kwa kuwa ndilo neno tuliloliita pale mtoto alipoanzia alifu na be. Mtoto asiyekwenda chuo, kwa masikio ya wazee, ni mtoto aliyeachwa.

Lakini katika nyumba ile palikuwa na jambo jingine zito zaidi ya hadhi, na mama ndiye aliyelishika. Mwaka ule ada ya chuo kikuu nchini Uingereza ilikuwa pauni 9,250 kwa mwaka. Miaka mitatu ni pauni 27,750, kabla ya kula wala kulala. Wazazi wengi hawana fedha hizo, na vijana wengi huchukua mkopo wa serikali. Mkopo huo una riba, na riba yake huanza kuhesabiwa tangu siku fedha zinapotolewa, mwanafunzi akiwa bado hajafungua daftari. Kwa waliojiunga mwaka huo kanuni ilikuwa riba ifuate mfumuko wa bei, na iweze kuongezwa hadi asilimia 3 juu yake.

Wanazuoni walioko huko wametofautiana katika hukumu ya mkopo huo. Wako waliosema kwamba hulipwa kwa sehemu ya mshahara tu, tena mshahara ukishapita kiwango fulani, na baada ya miaka mingi hufutwa, hivyo unafanana na kodi kuliko deni. Wako waliosema kwamba riba ni riba hata ikivishwa joho. Hatuandiki makala haya ili kuwahukumu vijana walioufuata mmoja wa ufafanuzi huo, kila mmoja ana dhiki yake na mwalimu wake. Twasema tu kwamba mama huyu alikataa, akasema afadhali binti akae nyumbani mwaka mzima kuliko aanze maisha akiwa na deni la namna hiyo shingoni.

Serikali ya huko inalijua tatizo hili. Mwaka 2013, katika mkutano wa uchumi wa Kiislamu uliofanyika London, Waziri Mkuu wa wakati huo, David Cameron, aliahidi utaratibu usiowafungia Waislamu mlango wa chuo kikuu. Mwaka 2014 wananchi waliombwa maoni, na uliopendekezwa ni mfuko wa takaful, ambamo wanafunzi husaidiana kwa michango badala ya kukopeshana kwa faida. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuwezesha jambo hilo. Binti yetu alipomaliza shule mwaka 2022 mfuko ulikuwa bado haujafunguliwa. Miaka tisa ni umri wa mtoto wa kuhitimu juzuu kadhaa.

Nasi hapa nyumbani hatuko mbali na mtihani huo. Mkopo wa HELB kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na hapana mwaka unaopita bila ya vijana kutujia baada ya sala wakitaka kujua la kufanya. Ndiyo maana tuliposikia kwamba binti huyu anasomea shahada kamili ya chuo kikuu, bila ya mkopo na bila ya mzazi kutoa ada, tulitega masikio.

Mlango alioupitia una historia ndefu. Waingereza waliuthamini sana uanagenzi hapo zamani. Mwaka 1563, zama za Malkia Elizabeth wa kwanza, walitunga sheria kwamba mtu hawezi kufanya kazi ya ufundi mpaka awe ametumikia miaka saba chini ya bwana wake. Sheria ile ilifutwa mwaka 1814, viwanda vilipoenea. Baadaye huko nako, kama kwetu, ufundi ukatengwa na usomi: huyu wa mikono, huyu wa kalamu. Mwaka 2015 walianza kuviunganisha tena kwa uanagenzi wa shahada, ambao ndani yake kijana huajiriwa na kampuni, hulipwa mshahara, na wakati huo huo husomea shahada ambayo ada yake hailipi yeye. Tangu Aprili 2017 kila mwajiri ambaye jumla ya mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa nusu ya asilimia moja kwa ajili ya mafunzo hayo. Kampuni kubwa huona heri fedha hizo ziwarudie kwa sura ya wafanyakazi waliofunzwa. Na kanuni zinakataza mwanagenzi kutozwa ada ya masomo yake, hata senti.

Mshahara wa chini wa kisheria kwa mwanagenzi wa mwaka wa kwanza ulikuwa pauni 4.81 kwa saa wakati alipoanza. Kampuni kubwa hulipa zaidi ya hapo, na ya kwake ililipa zaidi. Mwezi wa kwanza alimtumia nyanyake aliyeko Mombasa fedha za kununua feni. Nyanya hakuuliza kama ni za uanagenzi.

Tulimwomba atueleze kazi yenyewe, kwani sisi tunaoiona kompyuta kwa nje hudhani kwamba watu hukaa tu na kubonyeza. Asubuhi, saa tatu na nusu, kikosi chao cha watu wanane hukutana kwa robo saa. Kila mmoja husema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na ni kitu gani kinachomzuia. Kisha kila mtu hurudi kwenye kipande chake. Miezi ya mwanzo hakupewa programu ya kuandika. Alipewa hitilafu ndogo ndogo za kutafuta katika programu walizoandika wengine: tarehe inayosomeka kinyume, ukurasa unaokataa kufunguka kwenye simu ya zamani. Ni kazi ya kukoroga chokaa. Humfanya mtu aijue nyumba chumba kwa chumba kabla ya kupewa tofali.

Hata alipoanza kuandika, hakuna mstari wake ulioingia kazini bila ya kusomwa na mwenzake. Huo ndio mwendo wao wote, mkubwa na mdogo. Aliyeandika hupeleka kazi yake, mwingine huisoma ibara kwa ibara na kuandika pembeni: hapa ungefupisha, hapa umesahau kuangalia kama mtu ameacha nafasi tupu, hapa sikufahamu muradi wako. "Maalim," alituambia, "siku ya kwanza niliporudishiwa kazi yangu ina maoni kumi na saba, niliingia msalani nikalia. Halafu nikakumbuka chuoni tulivyokuwa tukirudishwa mwanzo wa sura kwa harufi moja." Alipotazama kazi ya meneja wake aliona nayo imerudishwa ina maoni tisa, akanyamaza.

Kilichompa taabu zaidi kilikuwa adabu aliyotoka nayo nyumbani, na hapa tungependa wazazi watusikilize vizuri.

Tulimlea, sisi na wazazi wake, kwamba mtoto mwenye heshima hamkatizi mkubwa, hasa mtoto wa kike, na kwamba kuuliza sana ni utovu wa haya. Twasomesha kisa cha Nabii Musa na mja mwema katika Sura ya Al-Kahf, namna alivyoshartishwa asiulize jambo mpaka aelezwe, na twakitumia kisa hicho kuwanyamazisha watoto, ilhali Musa mwenyewe, alayhi salaam, aliuliza mara tatu. Basi binti yetu akakwama na hitilafu moja kwa siku mbili nzima. Mlezi wake kazini, bwana mmoja wa makamo, alikuwa ameketi hatua nne tu kutoka kwake, lakini kwa kuwa alimwona ameshughulika, hakumwendea. Asubuhi ya siku ya tatu, katika ule mkutano wa robo saa, alipofikia kusema kinachomzuia, alisema hakuna.

Mlezi alimwita baadaye. Hakumgombeza. Alimwambia kwamba kikosi kilikuwa kikiingojea kazi ile, kwamba yeye mlezi analijua jibu lake na lingemchukua dakika tano, na kwamba tangu siku hiyo kanuni yao iwe hivi: akikwama kwa saa moja, aulize. Kunyamaza kwake, alikokuona kuwa ni heshima, kwao kulikuwa kuzuia amana ya wengine.

Tumelifikiri jambo hili sana. Haya ni sehemu ya imani, hatuna shaka. Lakini wanawake wa Madina walisifiwa kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuuliza ili waifahamu dini yao, na sifa hiyo waliipewa na Bibi Aisha mwenyewe, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Itakuwaje haya iwazuie mabinti zetu kuuliza habari ya ukurasa usiofunguka? Binti anayekwenda kazini, iwe ni Nairobi au bandarini Kilindini au ng'ambo, apewe na mamake kibali cha kuuliza kabla hajapewa viatu vipya.

Mambo mengine ambayo wazazi huyaogopa yalikuwa mepesi kuliko walivyodhani. Hijabu haikumletea neno. Sheria yao ya usawa ya mwaka 2010 inamkinga mtu asibaguliwe kwa dini yake, na ofisini mwao wako wanawake wengine watatu wanaojistiri. Vikao vya watu wawili na mlezi wake hufanyika katika vyumba vya kuta za kioo, kila apitaye akiona. Wenzake wanapokwenda kunywa Alhamisi jioni, husema ana treni ya kuwahi, na kweli anayo.

Sala ina hesabu yake. Mwezi wa Desemba jua la London huzama saa kumi kasoro dakika chache. Adhuhuri huingia karibu saa sita mchana na alasiri kwenye saa nane kasorobo, hivyo sala tatu hujikusanya ndani ya saa za kazi, na kila moja ina dirisha dogo. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, magharibi huwa saa tatu na ushei usiku. Katika ghorofa ya chini kuna chumba cha utulivu ambacho watu wa dini zote hukitumia. Shida ilikuwa udhu. Kutia mguu katika beseni la kunawia mikono, wenzake wakisubiri nyuma, kulimwia vigumu. Hapo akakumbuka mlango wa kupangusa khofu, somo ambalo sisi hapa penye joto hulisomesha kama habari ya nchi za mbali na wanafunzi husinzia. Akanunua khofu za ngozi, akazivaa akiwa na udhu kamili kama fikihi inavyotaka, na kwa muda wa mchana na usiku wake mmoja akawa anapangusa juu yake. Alituuliza masharti yake kwa simu moja baada ya nyingine. Ni miaka mingi hatujaulizwa mlango ule kwa haja ya kweli.

Mtihani mkubwa ulimjia mwaka wa pili. Kampuni za kompyuta za namna ile huwafanyia kazi wateja wengi: mabenki, hospitali, mashirika ya ndege, serikali za miji. Kikosi chake kilipewa mteja mpya, naye ni kampuni ya kamari ya mtandaoni. Kamari huko ni biashara halali kwa sheria yao. Binti alipewa sehemu ya ukurasa ambao mchezaji aliyepoteza huulizwa kama ataka kuongeza fedha. Michoro aliyopokea ilitaka kitufe cha kuongeza kiwe kikubwa na chenye rangi ya kuvutia, ili mtu akibonyeze mara moja tu, bila ya kurudi nyuma.

Alitupigia simu usiku. Swali lake lilikuwa wazi: je, naandika tu, au mimi ni mmoja wao?

Kamari imeharamishwa kwa nassi katika Sura ya Al-Maida, na katika sura hiyo hiyo tumekatazwa kusaidiana katika dhambi. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwataja kwa laana mwenye kula riba, mwenye kuilipa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akawaweka wote sawa. Mwandishi wa zama zile alikuwa na kalamu ya unyasi. Mwandishi wa zama hizi ana kompyuta. Hatukuona njia ya kumwambia kwamba anayetengeneza mkono wa kumvuta mchezaji arudi mezani hana fungu katika mchezo.

Lakini hatukumwambia aache kazi, na twataka jambo hili lifahamike, kwa kuwa wako wanaotoa fatwa za kuacha kazi kwa watu ambao wao hawawalishi. Asili ya kazi ya kampuni ile ni mubaha. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walipoizungumzia biashara ya zabibu, walitofautisha kati ya kumwuzia mtu usiyejua atazifanyia nini, na kumwuzia yule unayejua kwamba anakwenda kuzikamua mvinyo. Anayetengeneza chombo cha jumla, kama mahali pa kuhifadhi kumbukumbu au njia ya kupeleka barua pepe, ambacho hospitali itakitumia na mcheza kamari pia atakitumia, ni kama wa kwanza. Anayekabidhiwa kitufe kile anajua kinakokwenda. Kwa hiyo mshahara wake kwa jumla ni halali, na kazi ile moja ajitenge nayo. Tukamwongezea kwamba aseme mapema, kabla hajaitia mkono, aseme kwa upole, asimhutubie mtu, na akubali kubeba kitu kingine badala yake.

Aliandika barua pepe ya mistari minne kwa meneja wake. Wiki moja ilipita bila ya jibu la maana. Katika wiki hiyo alikaa na kazi chache, akiogopa kwamba mkataba wake utavunjwa na shahada ikatike katikati, na mwenzake mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba hata yeye angependa kuchagua kazi zake. Hapa mama alituambia kwamba alikuwa akimsikia binti akitembea chumbani mpaka usiku wa manane, naye babake, yule aliyeukataa uanagenzi, ndiye aliyebisha mlango na kumwambia: "Wakikutoa, rudi nyumbani. Tutatafuta njia nyingine."

Hawakumtoa. Alihamishiwa kikosi kinachoshughulikia utaratibu wa miadi ya wagonjwa hospitalini. Na yule mwenzake aliyenung'unika, sisi twaona alikuwa na haki ya kunung'unika, maana kazi iliyoachwa hubebwa na mtu. Binti aliliona hilo mwenyewe. Alijitolea kuchukua zamu za Jumapili za kukaa macho na simu, kwa ajili ya mitambo inayoharibika nje ya saa za kazi, zamu ambazo hakuna aliyezipenda. Alizishika kwa miezi sita. Katika Sura ya Al-Qasas, binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri babake amwajiri Musa, alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba binti yetu alipopimwa kwa sifa ya pili hakuisahau ya kwanza.

Uanagenzi huo si starehe, na haipendezi kuusifia nusu. Kanuni ya wakati alipoanza ilimpa mwanagenzi angalau saa sita za masomo kila wiki ndani ya saa za kazi, lakini insha za chuo kikuu hazitoshi humo. Wenzake aliosoma nao shule walipokuwa wakilala mpaka adhuhuri katika mabweni yao, yeye alikuwa katika treni ya saa moja asubuhi. Likizo yake ni ya mfanyakazi, si ya mwanafunzi. Ramadhani alifanya mtihani mmoja na kazi siku hiyo hiyo. Na mwisho wa miaka minne lazima awasilishe mradi aliouongoza mwenyewe, na atetee kazi zake mbele ya mtahini asiye wa kampuni yake. Nafasi zenyewe ni za kugombaniwa: kampuni moja kubwa huweza kupokea maombi mengi mno kwa nafasi chache.

Kabla msomaji hajampigia simu jamaa yake aliyeko Uingereza, yampasa ajue kwamba mlango huu haukuwekwa kwa ajili ya kijana aliyeko Mombasa au Malindi. Mwanagenzi lazima awe na haki ya kufanya kazi katika nchi ile, na kwa kawaida awe ameishi huko miaka mitatu kabla ya kuanza. Wakala yeyote atakayemwambia mzazi kwamba kwa fedha kadhaa atampatia mwanawe uanagenzi wa London ni mwongo, na fedha hizo hazitarudi.

Kwetu nako si patupu. Kenya ina mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, na sheria humtoza mwajiri shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo. NITA ina kituo hapa Mombasa, husimamia uanagenzi na hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, hata kwa aliyejifunza kazi mtaani bila ya kuingia darasani. Ni wazazi wangapi wa Kiislamu wa mji huu wamewahi kuingia mle kuuliza? Tuliwauliza mama kumi na wawili katika darasa letu la Jumamosi. Wawili walilijua jina, na hakuna aliyejua kazi yake.

Na wazee wetu waliliona jambo hili kabla yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kiliasisiwa hapa Mombasa Chuo cha Elimu ya Waislamu, kilichojulikana kwa jina la MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wajifunze ufundi wa kisasa. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi ya wote, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kimepanda cheo, alhamdulillahi. Lakini wazee waliosoma pale zamani hutueleza habari ya karakana kabla ya habari ya darasa, na wajukuu wao hutueleza habari ya shahada, kisha husema kwamba wanatafuta kazi.

Binti yetu anatazamiwa kumaliza mwaka 2026, insha Allah. Mradi wake wa mwisho ni wa kupunguza wagonjwa wanaosahau miadi yao, kwa kuwatumia ujumbe katika lugha wanayoifahamu. Kiswahili amekiingiza katika orodha, ingawa katika hospitali ile wasemaji wake ni wachache. Ndugu yake mdogo ana miaka 16 na ameanza kuulizia nafasi. Babake, akikutana na watu wa kwao msikitini, bado huwaambia kwamba binti yake yuko chuo kikuu. Mama humtazama tu. Jina la binti limo katika daftari la chuo hicho, kwa hiyo bwana hasemi uongo.